Liemba, Basi Kuukuu la Ziwa Tanganyika

UKURASA WA BWANA SHAMBA

Mwezi huu tutaacha kwa muda habari za mahindi, ufuta na mifugo. Tutasoma habari za chombo cha usafiri. Chombo hiki ni cha zamani sana. Kilitengenezwa mwaka 1913. Kilizamishwa kwa makusudi, kikainuliwa, kikazama tena, kikainuliwa mara ya pili. Baada ya hapo kilibeba watu na mizigo kwa miaka 90 hivi. Chombo hicho ni meli iitwayo Liemba.

Labda utauliza, "Bwana Shamba, meli inatuhusu nini sisi watu wa Chitete? Sisi tuna mto Momba, hatuna ziwa." Inatuhusu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ujirani. Ukishika barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, kisha ukateremka mpaka Kasanga, umefika Ziwa Tanganyika. Kasanga ilikuwa moja ya bandari za meli hiyo.

Sababu ya pili ni vyombo vyetu wenyewe. Sisi tuna plau, mikokoteni, mashine za kusaga, mabomba ya kunyunyizia dawa na baiskeli. Vingi vya vyombo hivi hufa mapema. Kazi haiviui. Vinakufa kwa kutotunzwa. Historia ya Liemba inaonyesha jinsi chuma kinavyoweza kuishi zaidi ya mtu aliyekifua.

BASI LA MAJINI

Ziwa Tanganyika ni refu na jembamba. Urefu wake ni kilomita 673. Kina chake kinafika mita 1,470, na katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kama hicho. Nchi nne zinalizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Upande wetu wa Tanzania, sehemu nyingi milima inateremka mpaka majini. Kujenga barabara huko ni kazi ngumu. Kwa miaka mingi vijiji vingi vya mwambao havikuwa na barabara ya gari. Mtu aliyetaka kwenda hospitali kubwa, au kuuza dagaa wake, alitegemea mtumbwi au meli.

Basi letu la kijijini hulijua. Linapita kila kituo. Linachukua mama na mtoto, gunia la mahindi, kuku, godoro na baiskeli. Liemba ilikuwa hivyo hivyo, ila ilipita majini. Ilitoka Kigoma, ikapita vituo kama Karema, Kipili na Kasanga, ikafika Mpulungu katika nchi ya Zambia. Kisha ikarudi.

Vituo vingi havikuwa na gati. Gati ni mahali palipojengwa ili meli isimame na watu washuke kwa miguu. Pasipo na gati, meli ilisimama mbali kidogo na ufuko. Ilipiga honi. Mitumbwi na mashua zikaja mbio kutoka kijijini, zikiwa zimejaa watu na magunia. Abiria waliingia melini kwa mlango wa ubavuni, na waliofika kwao walishukia humo humo. Mara nyingi kazi hii ilifanyika usiku, kwa mwanga wa taa za meli.

Basi hilo likikosekana, mchuuzi wa dagaa hakai tu bila safari. Dagaa wanaharibika, na ada ya shule ya mtoto inakosekana. Kwa hiyo uzima wa chombo kimoja ulikuwa uzima wa vijiji vingi.

SAFARI YA MASANDUKU 5,000

Mwaka 1913 nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Walitaka meli kubwa katika Ziwa Tanganyika. Waliiagiza kwenye karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Meli ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi. Ni karibu hatua 100 za mtu mzima. Waliiita Graf von Götzen, kwa jina la mtu aliyekuwa gavana wa Kijerumani hapa kuanzia mwaka 1901 mpaka 1906. Wazee wetu wa kusini walimjua gavana huyo kwa ukatili wa vita vya Maji Maji.

Sasa fikiri jambo hili. Ziwa Tanganyika liko mbali na bahari. Meli ndefu kama hiyo itafikaje huko? Haiwezi kupita mtoni wala barabarani.

Mafundi walifanya hivi. Waliunda meli yote Ujerumani, kisha wakaifungua tena vipande vipande. Kila kipande kiliwekwa alama. Vipande vilifungwa katika masanduku 5,000. Masanduku yakasafirishwa kwa meli nyingine mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo yakapelekwa Kigoma kwa njia ya reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Mafundi watatu wa karakana ile walikuja pamoja na masanduku. Huko Kigoma walifanya kazi na mafundi Wahindi na vibarua wengi Waafrika. Majina ya Wajerumani watatu yameandikwa vitabuni. Majina ya vibarua wetu hayakuandikwa. Lakini mikono yao ndiyo iliyonyanyua vile vyuma.

Siku hizi mabamba ya chuma huunganishwa kwa kuchomelea. Wakati ule waliunganisha kwa ribiti. Ribiti ni kama msumari mnene wenye kichwa. Fundi huipasha moto mpaka iwe nyekundu. Huiingiza haraka katika matundu ya mabamba mawili. Fundi mwingine huipiga nyundo upande wa pili mpaka itengeneze kichwa kingine. Ribiti ikipoa hujikunyata, na mabamba hubanana sana. Meli nzima ilishonwa kwa ribiti namna hiyo, kama mkeka unavyoshonwa ukili kwa ukili.

Tarehe 5 Februari 1915 meli iliteremshwa majini. Wakati huo vita kuu ya kwanza ya dunia ilikuwa imekwisha kuanza.

VITA NA GRISI

Badala ya kubeba abiria, meli ilianza kubeba askari. Ilifungwa mzinga uliotolewa katika manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ambayo ilimalizwa na Waingereza katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915.

Waingereza nao walileta mashua mbili za vita. Ziliitwa Mimi na Toutou. Zilitoka Uingereza mpaka Afrika Kusini, zikaja kwa reli mpaka Kongo. Mahali pasipokuwa na reli zilikokotwa porini na kupandishwa milima. Zilikokotwa kwa matrekta ya mvuke na kwa makundi ya ng'ombe. Ndugu mkulima unayejua nguvu za maksai wako, ujue kwamba maksai waliwahi kupandisha mashua za vita mlimani.

Mashua hizo ziliteka meli ndogo ya Wajerumani tarehe 26 Desemba 1915. Zikazamisha nyingine mwezi Februari 1916. Halafu majeshi ya Wabelgiji yakaikaribia Kigoma. Wajerumani wakaona watashindwa. Wakaamua kuizamisha meli yao kubwa wenyewe ili adui asiipate.

Hapa ndipo penye fundisho. Mafundi walioambiwa waizamishe ni wale wale walioiunda. Hawakutaka ife. Basi kabla ya kuizamisha walipaka injini zake grisi nzito kila mahali. Wakaijaza mchanga. Tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Walitumaini kwamba siku moja itainuliwa.

Kwa nini grisi? Kutu inahitaji vitu viwili: maji na hewa. Vitu hivi vikikutana juu ya chuma, chuma huliwa. Hata ndani ya maji mna hewa kidogo. Ukipaka grisi, umeweka ukuta kati ya chuma na maji. Ukuta ukiwa mzima, kutu haina njia.

Tena maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari. Chumvi huharakisha kutu. Jambo hilo nalo lilisaidia.

MELI YAFUFULIWA

Vita vilikwisha mwaka 1918. Wabelgiji waliiinua meli wakaivuta mpaka Kigoma. Lakini mwaka 1920 dhoruba ilikuja, meli ikazama tena.

Baadaye nchi yetu ikawa chini ya Waingereza. Nao wakajaribu. Tarehe 16 Machi 1924 meli ikatoka majini tena. Ilikuwa imepita karibu miaka minane tangu siku ile ya kwanza ya kuzamishwa.

Walipofungua mashine, walikuta injini na mitungi ya kuchemshia maji bado inafaa kutumika. Ile grisi ilikuwa imefanya kazi yake.

Kazi ya kuitengeneza ilichukua miaka mingine. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilianza maisha mapya. Ilipewa jina jipya, Liemba. Hilo ni jina la zamani la Ziwa Tanganyika lililotumiwa na watu wa upande wa kusini, yaani upande huu wetu. Jina la gavana likaondoka, jina la wenyeji likarudi.

KUTOKA KUNI HADI DIZELI

Tangu mwaka 1927 Liemba imepita katika mikono mingi. Ilikuwa chini ya reli za Tanganyika. Mwaka 1948 ikawa chini ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, ikawa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Baadaye ikakabidhiwa kampuni ya serikali ya huduma za meli.

Injini zake za kwanza zilikuwa za mvuke. Moto ulichemsha maji, mvuke ukasukuma mashine. Katika miaka ya mwisho ya 1970 zilitolewa, zikawekwa injini za dizeli. Mwaka 1993 ilitengenezwa tena kwa msaada wa Denmark. Ilipata injini mpya za dizeli, na nafasi za abiria zikatengenezwa vizuri zaidi. Iliweza kuchukua abiria 600.

Angalia jambo moja hapa. Waliotengeneza hawakung'ang'ania kila kitu cha zamani. Injini ilipochakaa waliitoa. Kilichokuwa kizima, yaani mwili wa meli, walikitunza. Kutengeneza ni kujua kipi kibaki na kipi kiondoke.

KAZI ILIYOFANYA

Mwaka 1997 vita vilikuwa vimemwondoa Mobutu katika nchi iliyoitwa Zaire, ambayo sasa ni Kongo. Wakimbizi wengi walikuwa Kigoma. Walitaka kurudi kwao. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi likaikodi Liemba. Kwa muda wa miezi mitano ilikwenda safari 22 mpaka Uvira. Ilirudisha makwao watu zaidi ya 75,000.

Mwezi Mei 2015 watu wa Burundi walikimbia machafuko. Maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha ufukoni kaskazini ya Kigoma. Kagunga kuna milima nyuma na maji mbele. Ugonjwa wa kipindupindu ukaingia. Liemba, ikiwa na umri wa miaka zaidi ya 100, ikaenda kuwachukua, safari baada ya safari, ikawapeleka Kigoma.

Chombo kile kilichoundwa kwa ajili ya utawala wa kigeni, kikabeba mizinga, mwishowe kikabeba akina mama na watoto waliokimbia vita.

Miaka ya karibu na 2018 Liemba ilisimamishwa. Ilikuwa imechoka. Serikali iliamua kwamba isitupwe, bali itengenezwe upya. Matengenezo hayo ni ya gharama ya mabilioni ya shilingi.

UZEE PEKE YAKE HAUUI CHOMBO

Kuna watu husema, "Kitu cha zamani ni hatari." Wengine husema, "Vitu vya zamani ndivyo imara." Wote wamesema nusu ya ukweli.

Mtakumbuka meli ya Bukoba. Ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Mamia ya ndugu zetu walikufa. Meli ile ilitengenezwa mwaka 1979. Haikuwa imefikisha hata miaka 20. Liemba wakati huo ilikuwa na miaka zaidi ya 80 na ilikuwa ikitembea.

Basi tofauti haikuwa umri. Meli ya Bukoba ilipakia watu kupita kiasi chake, na ilikuwa na kasoro. Chombo kipya kikipakiwa kupita nguvu zake kitakuua. Chombo cha zamani kikikaguliwa, kikatengenezwa na kikapakiwa kwa kiasi, kitakufikisha.

Tena tusidanganywe na rangi. Basi kuukuu linaweza kupakwa rangi mpya na kuandikwa maneno mazuri ubavuni, huku breki ni zile zile. Rangi si matengenezo. Abiria ana haki ya kuuliza habari za breki na matairi. Na gari likijaa kupita kiasi, ana haki ya kushuka.

TURUDI SHAMBANI

Katika kazi yangu ya kutembelea wakulima, kila mwaka wakati wa kiangazi huona jambo moja. Plau imelala nje ya nyumba, chini ya mti au kando ya zizi. Udongo wa masika bado umeigandia. Kuku wanalala juu yake. Mvua zikianza mwezi Novemba au Desemba, mwenyewe anaiendea. Gurudumu halizunguki. Nati hazifunguki. Spana ikiwekwa, kichwa cha nati kinakatika.

Tupige hesabu. Tuseme ng'ombe wako wanalima eka 1 kwa siku. Plau imeharibika siku mvua ilipoanza. Umekwenda Tunduma kutafuta kifaa, ukakosa, ukarudi kesho yake. Umempata fundi siku ya tatu. Umepoteza siku 3, yaani eka 3. Tuseme eka moja hukupa magunia 10. Basi magunia 30 yamechelewa kupandwa. Mahindi yaliyochelewa hukutwa na jua kabla hayajakomaa, na hayatakupa magunia yale yale. Kopo dogo la grisi lingezuia hasara hiyo.

Wale mafundi wa mwaka 1916 walipaka grisi mashine waliyojua inakwenda chini ya ziwa. Sisi tunashindwa kupaka plau inayokwenda chini ya dari?

Fanya hivi mara tu kazi ya kulima inapokwisha:

1. Osha plau. Ondoa udongo wote kwa maji na kijiti. Udongo hushika unyevu, na unyevu huleta kutu.

2. Ikaushe juani mpaka ikauke kabisa. Ukipaka grisi juu ya maji, umeyafungia maji ndani.

3. Sugua kutu kwa brashi ya waya au kwa msasa.

4. Fungua kila nati, uipake grisi kidogo, uifunge tena. Nati iliyopakwa mwaka huu itafunguka mwaka kesho.

5. Angalia ncha inayokata udongo. Ikiwa imeisha, nunua nyingine sasa, wakati una fedha za mavuno. Usingoje mvua.

6. Ondoa gurudumu. Safisha ekseli yake, uipake grisi, ulirudishe.

7. Paka sehemu zote zinazogusa udongo grisi au oili chafu ya gari. Tumia kitambaa. Usimwage oili karibu na kisima au mto, na usiiweke karibu na nafaka. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

8. Iweke ndani, juu ya mawe au mbao. Isiguse ardhi.

Bomba la dawa lina taratibu zake. Lisuuze kwa maji safi mara tatu kila baada ya kazi. Maji hayo yamwage shambani ulikopiga dawa, kamwe si mtoni. Ning'iniza bomba likiwa tupu na mdomo ukitazama chini, mbali na watoto na chakula.

Mashine ya kusaga isimamishwe kabisa kabla hujaishika. Kaza mkanda. Angalia nyundo na chekecheke. Badili oili ya injini kwa wakati. Injini yenye oili nyeusi na nzito kama uji inakula vyuma vyake yenyewe.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTENGENEZA

Si kila kitu kibovu kinafaa kutengenezwa. Jiulize maswali matatu.

La kwanza: je, mwili wake ni mzima? Liemba ilifaa kwa sababu mabamba na mashine zake zilikuwa nzima. Plau iliyopinda boriti kuu au iliyopasuka hapo, fikiri mara mbili.

La pili: je, vifaa vyake vinapatikana? Usinunue mashine ya bei rahisi ambayo nati yake haipatikani Tunduma wala Mbeya. Utakuwa umenunua chuma chakavu.

La tatu: je, nani atakitunza baadaye? Hili ndilo kubwa. Ukitengeneza leo na kutupa kesho, umetupa fedha mara mbili.

Swali hili la tatu huua vyombo vingi vya vikundi. Kikundi kinachanga. Kinanunua mashine. Kila mtu anaitumia, hakuna anayeipaka grisi. Ikiharibika kila mmoja anamtazama mwenzake. Mali ya wote isiwe mali isiyo na mwenyewe. Chagueni mtu mmoja wa kuitunza. Mlipeni kidogo au mpunguzieni zamu nyingine. Wekeni akiba ya matengenezo kila mwezi, hata kama mashine ni nzima. Baiskeli, mashine, basi na meli vyote huharibika siku moja. Akiba ndiyo itakayoonyesha nani alijiandaa.

KALAMU NAYO NI GRISI

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Hiyo ni nguvu kubwa. Itumie kutunza chombo chako.

Kumbuka yale masanduku 5,000. Yangefungwa bila kuandikwa alama, nani angejua chuma kipi kinakwenda wapi? Meli ingebaki rundo la vyuma pale Kigoma. Alama na maandishi ndiyo yaliyoiunganisha.

Nunua daftari dogo. Chora mistari. Andika hivi:

Tarehe: siku kazi ilipofanyika.
Chombo: plau, bomba, mkokoteni au mashine.
Kazi: kwa mfano, "nimepaka grisi", "nimebadili ncha", "nimekaza mkanda".
Fedha: shilingi ngapi zimetumika.
Jina: nani amefanya kazi hiyo.

Baada ya mwaka mmoja fungua daftari. Utaona kifaa kipi kinaharibika mara kwa mara. Utaona matengenezo yamekula fedha ngapi. Utajua kama ni wakati wa kununua kingine. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama macho yako bado yanachoka kwa kuandika, mwite mwanao wa shule aandike nawe usome. Hivyo wote wawili mtajifunza kutunza.

Kwa leo naishia hapa. Kiangazi ndicho wakati wa kazi hii. Shime, tuiondoe plau chini ya mti kabla mvua haijatukuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini injini za Liemba hazikuharibika chini ya maji?
2. Kutu inahitaji vitu gani viwili?
3. Meli ya Bukoba na Liemba, ipi ilikuwa ya zamani zaidi? Tunajifunza nini hapo?
4. Kikundi chako kina mashine gani? Nani anaitunza? Akiba ya matengenezo iko wapi?
5. Taja chombo kimoja cha nyumbani kwako kinachohitaji grisi wiki hii.

Bwana Shamba wenu, Chitete